Majani Aliyoyaloweka Shangazi

Shangazi yangu husuka viti kwa mashina ya henzirani, mmea wa msituni. Henzirani ikiingia kwake, lazima ilale kwanza kwenye beseni la maji ilainike. Mikono yake hufanya hivyo yenyewe, hata akili ikiwa kwingine.

Mwaka juzi ofisi ya misitu ilitaka kufyeka henzirani zote za kilimani ipande miche ya bondeni, eti inakua haraka.

"Henzirani ni henzirani, mama," bwana misitu alimwambia.

Shangazi alinuna siku nzima. Ya kilimani ni nyembamba, inapinda bila kupasuka. Bila hiyo hawezi kusuka mgongo wa kiti.

Akaja mtafiti, binti mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, kupima vinasaba. Alisema ndani ya kila jani kuna alama, na zikitofautiana na za bondeni, kilima hakitaguswa.

"Kama mkono wa msusi," Shangazi akasema. "Mimi nikiona kiti najua kasuka nani."

"Hapo hapo, Shangazi!"

Walichuma majani ya mashina arobaini, kila moja kwenye pakiti yenye chembe za kulikausha. Mtafiti akatuachia pakiti za kilimani, akaenda kuchuma za bondeni.

Aliporudi siku ya tatu, majani yalikuwa kwenye beseni pamoja na pakiti zake, yameoza. Namba kwenye pakiti zimefutika.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Yalikuwa yanakauka, mwanangu. Nikaona yataharibika."

Mtafiti akajitupa kwenye kiti kisicho na mgongo. "Maabara wanayataka keshokutwa. Nitayajuaje mashina yale yale?"

Shangazi alikwishavaa viatu. "La kwanza limeegemea jiwe lenye ufa. La pili miiba yake imelala. Twende, utaandika huko huko."

Mimi nilibeba mkasi. Kwenye shina la kumi na saba mtafiti akabisha, "Hili silo." Shangazi akainua tawi. Kovu la mkasi lilikuwepo. Mtafiti hakubisha tena mpaka shina la arobaini.

Baada ya miezi miwili bwana misitu alikuja mwenyewe. Za kilimani si za bondeni, alisema, tena zenyewe kwa zenyewe zinatofautiana sana. Kilima kinaachwa, na miche itaoteshwa kwa mbegu zake.

"Kumbe henzirani si henzirani," Shangazi akamjibu, akamvutia kiti chenye mgongo.

Wiki iliyopita mtafiti alileta pakiti nyingine. Shangazi alizipokea kwa mikono miwili, akanigeukia.

"Wewe, kalifiche lile beseni."