Prosesa Mbili na Blanketi la Masaka

Bukoba nzima, kompyuta yenye prosesa mbili ninayoijua mimi ni moja, nayo iko studioni kwangu. Watu huniuliza nimeinunua duka gani. Hainunuliwi. Niliichagua kipande kwa kipande Dubai, nikaiunga kwa mikono yangu, na diploma yangu ya elektroniki imetundikwa ukutani juu yake ili asiwepo wa kubisha.

Niliyakusudia haya kabla sijaondoka Dubai. Nilitaka studio ya video za harusi, na video ya harusi ya kwetu, ikiwa na send-off na kitchen party ndani yake, huilaza kompyuta ya kawaida hoi. Kwa hiyo miezi yangu ya mwisho kazini niliwatangazia nyumbani kwa simu kwamba narudi na mashine yenye ubongo mara mbili. Shangazi akaitangaza kanisani. Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi bila hiyo mashine.

Tatizo langu lilikuwa moja: uzito. Tiketi iliniruhusu begi moja la kilo thelathini, basi.

Ndiyo maana nilipokwenda kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, nilibeba mfukoni mizani ya kuning'iniza, ile tunayopimia mabegi. Muuzaji akanitolea mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, wenye nafasi mbili za prosesa. Nikautia kwenye mfuko, nikauning'iniza. Akanitazama.

"Arbab, bosi wangu, wenzako huuliza kasi. Wewe unauliza kilo? Hapa siuzi nyanya."

"Kasi naijua," nikamwambia. "Nimesomea."

Na kweli nilijua. Nilimrudishia prosesa moja kwa sababu haikuwa toleo moja na mwenzake, na pacha zisizofanana haziwaki pamoja. RAM nikachagua za seva. Vipoza joto, yale mapande yenye mapezi yanayokaa juu ya prosesa, alinipa vya shaba. Vizuri, lakini vizito kama mawe ya kusagia. Nikachukua vya alumini vyenye feni kubwa. Pawa saplai nikaipima mara mbili. Kasha la chuma nililigusa tu, nikalirudisha rafuni. Kasha ningetengenezewa nyumbani.

"Unanunua matumbo, unaacha ng'ombe," muuzaji akasema, akanifungia.

Chumbani kwetu, mtaa wa Discovery Gardens, tulilala kwenye vitanda vya ghorofa. Wa juu yangu alikuwa Mganda wa Masaka, mlinzi wa jengo moja la maofisi, ambaye tangu siku niliyomwonyesha diploma yangu aliniita Injinia, na hakuwa ananiheshimu.

"Injinia, hiyo kompyuta yako inakaa uchi kama kuku wa krismasi," alisema alipoona vipande kitandani.

Siku ya kufunga begi ilipofika, alishuka na kifurushi cha plastiki chenye zipu, kikubwa kuliko mto. Blanketi. Lile nene la maua mekundu, ambalo kila mama wa Afrika Mashariki mwenye mtoto Uarabuni hulitegemea.

"La mama," akasema. "Wewe unashukia Entebbe. Ukienda mpakani Mutukula, basi linapita Masaka. Hutazunguka."

Anayerudi nyumbani hakatai mzigo wa mwenzake. Ukikataa, unasemwa hadi Sharjah. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimejisifu kwamba begi langu lina nafasi. Tukalipima begi. Limezidi, na limezidi vibaya. Chumba kizima kikaja kutazama.

"Toa ubongo mmoja, Injinia," akashauri. "Bado utabaki na mmoja. Sisi tunaishi hivyo hivyo."

Walicheka sana. Mimi nilitoa suti. Nikatoa viatu vya ngozi, jinzi mpya, koti la kijivu nililolinunua maalumu kwa ajili ya kushuka nalo Bukoba. Vyote nikaviacha kitandani, khalas. Vilivyobaki ni nguo za mwilini na mashati mawili ya pamba, nayo yalikuwa na kazi. Blanketi lile ukilisugua linatoa cheche, na cheche ni sumu ya mazabodi. Hilo wenzangu wa chumbani, wenye vyeti vya udereva tu, hawakulijua. Nikautia ubao kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme, nikauzungushia mashati, ndipo blanketi likaukumbatia juu. Begi likakubali.

Masaka, mama yake alinipokea kwa magoti, kama desturi yao, na kwa chai. Nilifungua blanketi lake mbele yake, na mashine yangu ikabaki mkekani. Akakigusa kipoza joto kwa kidole.

"Mwanangu, hii ni ya kukwangulia mihogo?"

Kwetu na kwao lugha ni ndugu, tulielewana. Nikamweleza. Akaniletea kipande cha godoro kuukuu cha kuifungia, akanibariki, akaniambia nimekonda.

Bukoba niliingia na fulana iliyosafiri tangu Dubai. Shangazi alilizunguka begi.

"Mbona huna hata koti? Wale wa Omani hurudi wanang'aa."

"Subiri," nikasema.

Walisubiri wakinisema kwa minong'ono. Kama kipande kimoja kingekuwa kimekufa njiani, ningekuwa mtu aliyekwenda Dubai akarudi na godoro. Fundi wa madirisha ya alumini alinitengenezea kasha la vioo. Siku ya kwanza mpita njia alidhani ni kabati la vitafunio, akauliza sambusa ni bei gani. Kisha nikabonyeza swichi. Feni zikavuma, skrini ikawaka, na pale juu zikaandikwa prosesa mbili, zote hai. Shangazi hakuweza kusoma yaliyoandikwa, lakini alipiga kigelegele.

Nikampigia Mganda wangu kwa video, nimwonyeshe. Alikuwa amesimama mlangoni pa jengo lake, kavaa koti langu la kijivu.

"Injinia! Wewe una ubongo mara mbili, mimi nina koti. Madam wa ofisi ya juu leo kaniita sir."

Nilimtazama vizuri. Halimkai. Mabega yangu ni mapana zaidi.