Mashine ya Kuhesabia Korongo

Usiniambie ati mume wangu alikuwa mjinga. Nimeyasikia hayo sokoni, na aliyeyasema anajua nilimjibu nini.

Wepukhulu alikuwa anahesabu korongo, wale wenye taji, kwenye kinamasi chini ya shamba letu hapa Tongaren. Aliwapenda hata kabla ya kulipwa. Wakubwa wa wilaya walitaka kuchimba mitaro, maji yakauke, wapande mahindi. Kamati ikasema: tuonyesheni kama ndege bado wanataga hapo, tutakiacha. Mradi wa ndege wa Kitale ukampa mume wangu, baba Dinah, kazi hiyo ya kuhesabu.

Karatasi zilikuwa zinalowa na kuoza. Basi Ngige, msimamizi wake, akamwita Kitale wachague mashine ya mkononi ya kuandikia hesabu. Alirudi akinisimulia huku anacheka. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, kioo kitupu, ukiishika na tope inagoma. Ya pili ilikuwa nzito, imevishwa raba, na vifungo vinavyotosha vidole vyake. Ngige akaiangusha kwenye simiti, akaitumbukiza kwenye ndoo. Bado inawaka!

"Hii ndiyo yako, mzee," Ngige akasema. "Ila betri zikiisha, weka zingine haraka."

Haraka ya nini, hakusema, na mume wangu hakuuliza. Walikuwa wanaogopa mvua tu.

Msimu mzima aliingia majini na hiyo kitu, akiandika kila kiota. Kila alfajiri mashine ilikuwa inalia pii pii kumwamsha.

Halafu mama yake akafa. Kwetu, boma likiwa na matanga redio hailii. Tunatoa betri kabisa, mtoto asije akaiwasha. Asubuhi ya kwanza, mwili uko uani, watu wameketi, mashine ikaanza: pii, pii, pii. Wazee wakageuka. Aibu gani hiyo! Akaingia ndani, akatoa betri, akazifunga kwenye leso pamoja na za redio. Hata mimi niliona amefanya vizuri.

Tulipokwisha nyolewa kumaliza matanga, akarudisha zile za mashine. Mashine ikawaka, ikamuuliza tarehe. Ndani hakukuwa na kiota hata kimoja.

Akaikimbiza Kitale. Ngige akashika kichwa. "Kumbukumbu yake inaishi kwa betri, Wepukhulu. Ukizitoa, kila kitu kinafutika."

"Si ungeniambia, bana!"

"Nilidhani unajua."

Kwenye kamati mume wangu alisimama mikono mitupu, akaeleza alichokiona kwa macho yake. Mwenyekiti akamkata: "Hakuna hesabu, hakuna ndege." Nilitamani kumrushia kiti.

Mitaro ikachimbwa. Korongo walizunguka hapo juu wakilia, halafu siku moja hawakuja. Leo tunapalilia mahindi ya watu papo hapo, mimi na yeye, vibarua.

Redio yetu bado haina betri. Juzi nilimwambia, "Baba Dinah, si matanga yalikwisha?"

"Ya mama, ndiyo," akasema, akaendelea kupalilia.