Chaki Nyekundu ya Mwalimu Tamko

Shuleni kwetu anaitwa Tamko, na jina lake la kuzaliwa nadhani hata mhasibu ameshalisahau. Anafundisha uraia. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo wanafunzi wangu wanavijua vita vya mataifa kuliko milinganyo.

Kazi anayoipenda ni kuwafundisha vijana kuchambua matamko ya viongozi pale nchi zinapopigana. Huandika tamko ubaoni, kisha hugawa chaki mbili. Nyekundu wapige mstari chini ya aliyefanya jambo, kijani chini ya atakachofanya sasa. "Tumesikitishwa sana na yaliyotokea." Vijana huzunguka na chaki zao, hawaoni pa kuzitua, naye hucheka mpaka miwani inamteremka.

"Kumbe bomu lilikuwa linapita tu, likajikwaa!" husema.

Lakini mganga hajigangi. Bingwa huyu wa kuwaumbua marais alikuwa na vita vyake nyumbani. Mdogo wake aliachishwa kazi, akarudi kuishi kwa mama yao mgonjwa. Siku moja mezani, mbele ya wakwe, Tamko akamwita kupe. Mdogo mtu akainuka, akachukua begi lake, na tangu hapo hakukanyaga kwa mama wala kupokea simu ya kaka yake. Mama akawa na swali moja tu kwa Tamko kila akimwona: "Mwenzio yuko wapi?"

Nilimwonea huruma, ila ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nikabaki na milinganyo yangu.

Asubuhi moja akanionyesha ujumbe aliotaka kumtumia mdogo wake. Nilisoma, nikang'ata ulimi nisicheke.

"Mzuri," nikasema. "Ila uweke ubaoni kwanza. Usiwaambie ni wa nani."

Akaenda kifua mbele. Nami nikawapa wangu zoezi, nikatega sikio ukutani. Akausoma kwa sauti:

"Kufuatia maneno yaliyotamkwa, ambayo huenda yalieleweka vibaya, tumesikitishwa na hali iliyojitokeza. Kwa ajili ya mama, tunazisihi pande zote mbili zijizuie."

Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, nyekundu haina pa kukaa."

"Hata kijani," mwingine akadakia. "Kwani huyu rais ni wa nchi gani?"

"Nchi... ndogo," Tamko akajibu.

"Basi aombe radhi au anyamaze," msichana akasema. "Na huyo mama wa watu mbona anamfanya ngao?"

Darasa likaangua kicheko. Cha mwalimu sikukisikia.

Akatoka nje, akanigongea mlango, chaki nyekundu bado mkononi. "Niazime simu. Yangu hapokei."

Akapiga palepale mlangoni, karibu nami kiasi cha kusikia pande zote mbili.

"Ni mimi, kaka yako. Usikate. Nilikuita kupe. Ni mimi niliyesema, na haikuwa kweli. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha mama, mimi nikaona aibu, nikakutukana."



"Haya," sauti ya mdogo wake ikasema. "Sasa utafanya nini?"

Tamko akanitazama. Nilitazama dari, safari hii sikumsaidia.

"Jioni nakuja kukuchukua," akasema. "Tutakwenda wote kwa mama. Nitayarudia haya mbele yake, na wakwe nitawaita wasikie."

Akaitia chaki nyekundu mfukoni.

"Njoo basi," mdogo wake akasema. "Ila begi utabeba wewe."