Fundi Lifti na Ubao Mweupe

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Tiara, kwa sababu hata aliposimama ungedhani kuna mtu anamvuta kwa kamba. Alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote ya kazi alipanda na kushuka maghorofa ya watu, na kila jioni akajikuta chini pale pale alipoanzia, jambo ambalo mkewe, muuza vitambaa, hakuacha kulitaja kila walipozungumzia maendeleo.

Kriketi ilimpata akiwa mtoto wa kutumwa. Mama yake alimpa chupa akanunue mafuta ya taa. Njiani palikuwa na ukuta mfupi, na ng'ambo ya ukuta watu wazima waliovaa nguo nyeupe walisimama mbalimbali majanini, kama ndugu waliogombania urithi. Mmoja akaja mbio, akarusha mpira mwekundu. Mwingine akaupiga kwa gongo bapa, ukaruka ukuta, ukatua miguuni pa mtoto. Akaurudisha. "Asante, bwana mdogo," wakamwambia. Hakuwahi kuitwa bwana wa ukubwa wowote. Akapanda ukutani, akakaa hadi jua likazama, akarudi nyumbani na chupa tupu.

"Ulikuwa wapi?"

"Mchezoni, mama. Hawajamaliza."

"Walianza lini?"

"Jana."

Mama alikuwa ameandaa kofi la uongo. La ukweli wa namna hiyo hakuwa nalo, basi akatoa lile lile.

Alipokua akajiunga na klabu ya uwanja huo, na hapo ndipo mapenzi yalipoonyesha kuwa hayana uhusiano na kipaji. Katika mchezo huu wapigaji wawili husimama kila mmoja upande wake, na ili wapate pointi hukimbia pamoja kubadilishana nafasi. Mmoja akikimbia peke yake, kuna mtu atatolewa. Tiara alikimbia mpira ukiwa bado hewani. Aliwatoa wenzake wengi kuliko alivyowatoa wapinzani, hata wapinzani wakawa wanauliza mapema kama yupo, ili wajipange kwa furaha. Klabu ikamwondoa kwa heshima: ikampa ubao.

Ubao huo ni mkubwa, mweupe, wenye magurudumu. Husimama mwisho wa uwanja, nyuma ya mrushaji, ili mpigaji auone mpira mwekundu unapotoka mkononi. Mpira ukianza safari, kiumbe yeyote asipite mbele yake. Tiara aliulinda kwa miaka mingi, akifukuza mbuzi na wafadhili kwa sauti moja.

Binti yake wa pekee alirithi utulivu wote ambao baba hakuutumia. Walimwita Nanga. Akishika gongo, warushaji walichoka, wakabadilishana, wakachoka tena. Mwaka uliopita wateuzi wa timu ya taifa ya vijana walikuja kumwona. Tiara, aliyepewa kiti, alikikalia kwa muda ambao mtu hukalia jiko la moto. Akaanza kuzunguka uwanja, mikono nyuma, akiomba kimoyomoyo, na mrushaji alipouachia mpira, yeye akawa katikati kabisa ya ubao mweupe, amevaa ovaroli la bluu. Nanga alimwona baba yake vizuri sana. Mpira hakuuona. Vijiti vitatu nyuma yake vikalala, akatolewa, na wateuzi wakaondoka bila kumchagua. Kinyozi hajinyoi.

Hakumlaumu. Kutomlaumu huko kulidumu msimu mzima, na ndani ya nyumba kulikuwa kuzito kuliko lawama.

Sasa wateuzi walikuwa wanarudi, na ilikuwa nafasi ya mwisho, maana mwaka unaofuata Nanga angezidi umri wa timu hiyo.

"Baba, Jumamosi usije," alisema wakila.

"Nitakaa kwenye kiti."

"Hata kwa kinyozi hukai. Jitazame kichwa."

"Upande wa kushoto uko sawa," mama yake akatetea.

"Basi nifungeni kamba."

"Utakwenda na kiti chenyewe," mke akasema, akamwongezea mchuzi.

Jumamosi akabaki nyumbani. Alitembea sebuleni, jikoni, sebuleni, hadi mkewe akashika ufagio. "Toka. Unanimalizia sakafu. Ila ndani ya uwanja usitie mguu."

Akatii kama mwanasheria anavyotii: akaenda nje ya uwanja. Ule ukuta wa utotoni ulikuwa umeongezwa matofali, umempita kimo. Getini alikuwapo mlinzi, mtu asiyeipenda kriketi wala kuichukia.

"Anayepiga nani, kaka?"

"Msichana mmoja. Yupo tangu sijanywa chai."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Kasimama."

Tiara akashukuru, akaenda hadi mwisho wa ukuta, akarudi.

"Sasa kapiga," mlinzi akasema.

"Mpira umekwenda wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Mzee, mimi nimeajiriwa kuangalia geti."

Akaenda tena, akarudi. Ndani kulikuwa kimya.

"Wamesimama," mlinzi akasema. "Yule msichana kanyoosha mkono, kasogea pembeni. Kuna mtu anapita mbele ya ubao, simu sikioni."

"Mpumbavu gani?"

"Mwenyekiti wao. Yule wa kuchagua."

Tiara akaegemea ukuta. Sheria ilikuwa upande wa binti yake. Lakini alikuwa ameshatengeneza lifti za wenyeviti wengi, akajua wanavyopenda kusimamishwa.

"Msichana anamfanya nini?"

"Anampungia gongo apite. Kama anafukuza kuku."

"Na yeye?"

"Anaongea na simu. Aa, kaona. Anakazana. Kofia imeanguka. Anairudia."

"Asirudi," Tiara aliuambia ukuta.

"Karudi."

Mchezo ukaendelea. Kilichobaki alikitembea chote, ukuta mzima, huku na huku, bila kuuliza tena.

Jioni geti likafunguliwa. Nanga akatoka na begi begani, akamkuta baba yake anatazama barabara kwa bidii, kama mtu aliyepita tu.

"Nimechaguliwa."

"Mwenyekiti kasemaje?"

"Kaniuliza nani kanifundisha kutazama ubao kabla ya kila mpira."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nilifundishwa nyumbani." Akamkabidhi begi. "Mwezi ujao tunacheza hapa. Uje."

"Nitakaa wapi?"

"Usikae. Tembea unavyotaka, ila nyuma ya ubao."

"Nyuma ya ubao sitaona kitu, mwanangu."

"Leo umeona nini?"

Tiara akatupia begi begani, akaanza kutembea. Nanga alimwita mara mbili, maana nyumbani kulikuwa upande wa pili.