Orijino Haitembei

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na si kwa kupenda. Baridi ya Julai ikishaingia huku Waithaka, vidole hivi viwili visivyo na kucha huanza kunisimulia upya, hata nikiwa kanisani. Sasa nimesikia umepata kazi ya tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la taka za viwandani. Mama yako amefurahi, nami nimefurahi. Lakini kaa hapo kidogo kabla hujaenda kununua viatu vya kazi.

Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo usingoje maneno ya ofisi. Nitakwambia niliyoyaona, na wenye makosa nitawataja, maana miaka yote hii wamekuwa wakinisalimia barabarani kama hakukutokea kitu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, sheria ya taka za sumu ikiwa bado mpya. Mjini majumba yalikuwa yanaota, na kila ofisi ilitaka milango ya vioo vilivyochorwa: jina la kampuni, maua, ndege. Karakana moja katikati ya mji, nyuma ya maduka ya vipuri, ilifanya kazi hiyo. Kioo hakichorwi kwa kisu, mwanangu. Huchorwa kwa tindikali, na tindikali ikishachoka hutiwa kwenye mapipa ya plastiki ingojee lori. Lori lilikuwa la Gathogo. Tanboi nilikuwa mimi. Dereva alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba wa Machakos, mtu wa sauti ya chini ambaye hata akikukemea ungedhani anakusalimia.

Sheria ilitaka hivi, na haikuwa ngumu: mzigo kama ule uwe na karatasi ya kuusindikiza. Mwenye taka anaandika ni taka gani na ina hatari gani, anatia sahihi. Mwenye lori na dereva wanatia zao. Kule zinakopokelewa, kwenye kiwanja chenye leseni ya kuziua sumu, anayepokea anatia sahihi ya mwisho. Kila mmoja anabaki na nakala yake. Karatasi na mzigo ni kama bibi harusi na msimamizi wake, hawaachani njiani.

Lakini Gathogo alikuwa na sheria yake. Wewe ni mtoto wa Nairobi, unajua tunavyoishi: hati ya shamba iko kwa sanduku la nyanya yako, cheti cha kuzaliwa kiko chini ya godoro, mtu anatembea na fotokopi. Basi Gathogo akafanya hivyo hivyo na karatasi za mzigo. "Orijino haitembei," alikuwa akisema. "Ikinyeshewa, nani atanipa ingine?" Ilikaa ofisini ndani ya nailoni, safi. Sisi barabarani tulipewa kijikaratasi kimeandikwa *maji ya vioo*. Polisi akitusimamisha tunamwonyesha hicho, anatuachilia. Nani atashika mtu kwa maji? Na sisi vijana tuliona hiyo ndiyo akili. Karatasi ni ya karao, tulisema, na karao akitosheka, karatasi imemaliza kazi.

Mzee Kilonzo hakupenda. Siku hiyo tukipakia alinitazama mikono, nimevaa glavu za kitambaa, akaniuliza zile za mpira ziko wapi. Nikamwambia zinanitoa jasho. Akasema yaliyomo mle si maji. Nami nikamjibu, mbele ya wapakiaji wote, kwamba Wakamba wamezoea ukame mpaka wakiona maji mengi wanadhani ni sumu. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo.

"Cheka tu, Ndung'u," akasema. "Lakini hiyo mikono, Gathogo hana ingine ya kukupa."

Tukashika Barabara ya Ngong. Pale Dagoretti Corner lori likaruka tuta, tukasikia mapipa yakigongana. Mzee akaegesha kando ya wauza viatu vya mitumba, nikapanda nyuma, nikakaza kifuniko kilicholegea. Glavu ya kulia ikalowa. Nikaivua, nikaikamua kama tambara la kudekia, nikaivaa tena. Haikuwasha. Hapo ndipo ubaya wa kitu kile ulipo, mwanangu. Moto hukwambia toa mkono. Hii haikwambii. Hupita kwenye ngozi kimya kimya kama mwizi mwenye funguo, ikaenda kutafuta mfupa.

Na hatukuwa tunaelekea kwenye kiwanja chenye leseni. Tulikuwa tunaelekea kwenye shimo la machimbo ya mawe ng'ambo ya Waithaka, ambalo maji yake hushuka kwenye mashamba ya sukumawiki. Kwamba tunamwaga pale nilijua. Nilidhani tunamwaga maji.

Kabla hatujafika, vidole vikaanza kupigwa msumari kutoka ndani. Nikavua glavu, nikaona ngozi nyekundu kidogo, basi. Nikajaribu kunyamaza, nikashindwa, nikalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mzee Kilonzo akautazama mkono, akaitazama glavu. Akasimamisha lori, akanimwagia mtungi mzima wa maji yetu ya kunywa, kisha akageuza katikati ya barabara huku magari yakimpigia honi na madereva wakimtajia mama yake.

Hospitalini sista aliniuliza nimemwagikiwa na nini. Nikasema kilichoandikwa: maji ya vioo. Akautazama mkono, akayatazama machozi yangu, akasema wenye kutoka damu watangulie. Simlaumu. Angejuaje? Hata lengelenge halikuwepo. Akanipa vidonge vya maumivu, akanionyesha benchi.

Kwenye benchi hilo alikuwa ameketi polisi, amefungana pingu na mlevi mmoja aliyepasuka kichwa. Mzee Kilonzo alimwona. Nami nilimwona akimwona. Mwanangu, mzee yule alikuwa na leseni moja tu iliyolisha nyumba yake na kuwaweka binti zake sekondari. Kusema mzigo ni nini ilikuwa ni kusema unakwenda wapi, na lori lilikuwa pale nje na mapipa yake. Angeweza kunyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi ninaowajua wangekaa wakanipa pole mpaka mkono uoze. Aliketi ameshika kofia magotini. Mimi nilikuwa nauma shati. Kisha akainuka, akaenda mpaka mlangoni kwa daktari, msichana ambaye angeweza kuwa bintiye, akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia ana sauti:

"Daktari, huyu kijana hajui alichobeba. Mimi najua, maana nilitia sahihi. Si maji. Ni tindikali ile ya kula kioo. Tulikuwa tunaenda kuimwaga kwa shimo."

Polisi akageuza shingo.

"Mzee, umesema shimo gani?"

"Utaniuliza, afande, siendi mahali. Kwanza huyu."

Mlevi akainua mkono wenye pingu. "Afande, si unifungue mimi umfunge huyo. Yangu ilikuwa chang'aa tu."

Daktari alikuwa ameshakimbia. Alirudi na dawa ya kalsiamu, akaipaka, akaidunga hadi kwenye vidole vyenyewe, akanifunga nyaya kifuani za kusikiliza moyo. Baadaye alinieleza kwamba tindikali ile hunyonya kalsiamu ya mwilini, ikimaliza vidole inaweza kuufuata moyo, na dawa ya kuungua ya kawaida haiwezi kuizuia. Lazima ujue jina lake ndipo uipe dawa yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha bila kujua, kwa jina la uongo nililopewa na tajiri. Nilipoteza ncha hizi mbili. Mkono nilibaki nao. Uhai ndio huu tunaozungumza nao.

Sasa niwataje. Gathogo alifika kituo cha polisi amevaa suti, akasema Kilonzo alikuwa ameiba mzigo ili auze mapipa. Akatoa nailoni yake. Orijino, safi kuliko shuka la mgeni, sahihi zote zipo. Hata ile ya mwisho. Muchiri, mpokeaji wa kile kiwanja cha taka, alikuwa ameshagonga muhuri kwamba mzigo umefika, na mzigo wenyewe uko nje ya hospitali unavuja. Polisi akaisoma, akaisoma tena, akamwuliza karatasi imefikaje kabla ya lori. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini ngoja, usifurahi bado. Muchiri alihamishwa tu, Gathogo akalipa faini, akapaka lori rangi nyingine, akaendelea. Aliyenyang'anywa leseni ni Mzee Kilonzo, aliyesema ukweli. Nikifika hapo roho yangu huwa nyongo, nami sikufichi.

Lakini sikukuita ili nikutemee nyongo. Kila baada ya mavuno huwa napanda basi la Machakos na sukari na majani ya chai, nakwenda kumwona. Analima ndengu. Husema nimekuja kukagua kama Wakamba wameshapata maji, kisha anajicheka mwenyewe. Simsafishi; sahihi aliitia, na siku nyingine zote alinyamaza. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. Akasema anajuta ile sahihi, si yale maneno. Narudi nyumbani na gunia la ndengu na shukrani nisizojua pa kuziweka. Mtu alitoa riziki yake mbele ya polisi ili mimi niweze leo kukata kuni, kushika kikombe, kumbeba mtoto wako ukimpata.

Basi shika haya. Ukikabidhiwa mzigo, uliza jina lake la kweli, si jina la barabarani. Karatasi yake ipande lori pamoja nawe, hata kama itanyeshewa, na uisome, na kama kuna neno usilolijua, uliza bila haya. Usikubali sahihi ya kufika kabla hujafika. Karatasi ile si ya karao, mwanangu. Ni ya yule daktari atakayekukuta umelala, huwezi kusema. Na siku utakayoona mwenzako anaumia, na ukweli ndio dawa yake, useme hata kama utakugharimu sahani ya chakula. Tajiri akikwambia orijino haitembei, mwambie basi na wewe hutembei.

Nenda, mwanangu. Mungu azilinde nyayo zako na vidole vyako vyote. Akupe tajiri mwenye haya, na akikunyima huyo, akupe njiani mtu wa kusema kweli kwa ajili yako huku polisi anasikiliza. Na siku ikifika zamu yako, akupe wewe sauti.