Boliti ya Plau

Jirani yangu ameanza kuuza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Kila jioni nafunga dirisha, lakini harufu ile ya mafuta inaniganda puani, na mara naiona boliti.

Nilipokuwa mtoto, plau la kijiji lilikuwa limeachwa kwenye mvua, boliti yake ya kuliunga na trekta ikashikwa na kutu, haifunguki. Msimu wa kupanda mihogo ulikuwa unatupita. Mafuta ya taa yalishindwa, nyundo ikashindwa. Ndipo dereva wa trekta, mtu wa kuja, akaipasha moto ile boliti, akampa mama yangu kopo la mafuta mazito ya kijivu, yenye vinyweleo, aipake. Mama akachota kwa vidole, akapaka. Yakachuruzika, yakatoa moshi unaonuka, nzi wakajaa.

"Mafuta ya nini haya, kaka?"

"Ya nguruwe pori, mama. Hayashindwi na kutu."

Mama akatapika palepale. Akakimbilia kisimani, akaosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, akasugua hadi ngozi ikachubuka. Nyuma yetu spana ikalia.

"Imelegea! Haya, twendeni tukalime!" dereva akashangilia.

Hakuna aliyeinuka. Dereva akaondoka na trekta lake akitusonya. Shamba lote tulililima kwa jembe la mkono, tukilizunguka lile plau, khanga zimeziba pua. Likaozea palepale, chuma chote kikaliwa na kutu.

Isipokuwa ile boliti. Ilibaki inang'aa.