Na Jembe hadi Msitu wa Bangwe

Nililisikia jembe kabla sijafumbua macho. Lilikuwa likinolewa juu ya jiwe uani, taratibu, na katikati ya mkwaruzo wake kulisikika kikohozi cha mtu akienda kuswali alfajiri. Nilipotoka nilimkuta Shangazi Zamda ameshavaa, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani.

"Mizigo ya Mpanda utafunga kesho," aliniambia. "Leo unanisindikiza kwa Mwavita."

Mwavita ni binti yake wa kwanza. Alifariki kwa homa akiwa mdogo, mimi sijazaliwa, wakati shangazi na marehemu mumewe wakiishi kwenye kambi ya wavuvi wa dagaa upande wa Bangwe. Wakamzika mlimani, nyuma ya kambi. Baadaye kambi ikahama, ukawekwa uzio, na mlima ukaachwa uwe msitu wa hifadhi, msitu mdogo tu pembeni mwa mji wa Kigoma. Kila Shaabani shangazi huenda kulipalilia kaburi kabla ya Ramadhani. Mwaka jana miguu ilimkatalia. Mwaka huu anahamia Mpanda kwa mwanawe Saidi, na hajui kama atarudi tena. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kumsaidia kufunga nyumba; habari za msitu sikuwa nazo.

Asubuhi, Ujiji ikiwa bado inafagiliwa, tukapanda bajaji. Tulipofika Gungu, kati ya wanafunzi na bodaboda, dereva alilitazama jembe kwenye kioo chake.

"Mama, shamba gani hilo la kwendea na bajaji?"

"Shamba langu halioti mahindi. Wewe tazama mbele, usinizike kabla ya zamu yangu."

Baada ya mji, barabara iliteremka na ziwa likatokea lote kwa mara moja, bluu iliyokolea, milima ya Kongo ikielea ng'ambo kama moshi uliosahau kupanda. Barabara ilipogeuka mawe, tukashuka na kufuata ufuko kwa miguu. Dagaa walikuwa wameanikwa, wakimeta juani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwageuza akainua kichwa.

"Mama Mwavita! Tunasikia unatukimbia!"

"Nakimbia na magoti haya?"

Wakacheka. Tulipowapita shangazi akasema, bila kunitazama, "Huko Mpanda wataniita Mama Saidi. Hili jina linabaki huku."

Mlango wa hifadhi ni wa mabati, kwenye uzio wa waya. Mlinzi, kijana mpya kazini aitwaye Nestori, alitupokea kwa kupiga makofi mepesi, kama Waha wa milimani wasalimianavyo. "Mwakeye, mama." Kwao ni Kalinzi. Kando ya kibanda chake palikuwa na bustani ya mchicha iliyozungushiwa fimbo za mbono, zote zimechipua. Shangazi alizitazama kwa muda.

"Fimbo hizi za mbono umezitoa wapi?"

"Humu humu, mama. Tuliagizwa tung'oe kila mti usio wa asili ya msitu huu. Nikaona nisitupe, nikakata fimbo."

Shangazi akakaa chini, pale pale. Kaburi lile halikuwa na saruji wala kibao. Alama yake, alitueleza, ilikuwa mibono miwili aliyoipanda yeye mwenyewe, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

"Kwenu mtu hapandi mbono kaburini?" nikauliza.

Nestori alikuwa ameshavua kofia. "Kwetu ni uzio tu, kaka. Ningejua…"

Tukaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kivuli, ngedere wakirushiana kelele juu, na ziwa likionekana vipande vipande kati ya mashina. Mteremko wa nyuma ya kambi ya zamani ulikuwa umejaa miche michanga ya mninga, na majani makavu yamesawazisha kila kitu. Shangazi akaenda mche hadi mche, akigusa udongo kwa ncha ya jembe. Kisha akasimama.

"Umenipotezea mtoto," alimwambia Nestori, kwa sauti ya chini.

Nestori hakujitetea. Alisema tu kwamba kila alipong'oa mbono alipanda mninga, na mibono ilikuwa mingi, kwa kuwa watu wa kambi nao waliipanda kwenye kona za nyua zao. Halafu akashika kichwa.

"Kuna miwili mkubwa wangu alinigombeza. Alisema nimeibananisha, miti hupandwa hivyo wapi! Mvua zikianza niung'oe mmoja."

Tulimfuata, nusura tukimbie. Miche miwili ilisimama karibu mno, mmoja upande wa mlima, mwingine upande wa ziwa. Shangazi akalaza jembe katikati. Mpini ukaenea, ikabaki nafasi ya kiganja: urefu wa kaburi la mtoto.

"Kichwa mlimani, miguu ziwani," alisema. "Uso kibla. Ndiye."

Akapalilia mwenyewe, hakutaka msaada. Nikasoma Yasini niliyoikumbuka kwa kusuasua, naye akinisahihisha huku aking'oa magugu. Alipomaliza alitaka fimbo moja ya mbono airudishe kichwani.

"Mama, mwingine ataing'oa tena," Nestori alisema. "Mninga hakuna atakayeugusa. Nitamweleza mkubwa kuna kaburi."

"Akikataa?"

"Aje aung'oe yeye. Mimi mkono wangu hauugusi tena."

Shangazi alifikiri, kisha akaushika mninga ule mdogo shinani, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Haya. Na ukue."

Mchana tukarudi mlangoni. Nilikuwa nimekuja Kigoma nikidhani kufunga nyumba ni kamba na masanduku. Njiani nilitaka kumwambia hivyo shangazi, nikaona hana haja ya kuambiwa.

"Mama, jembe lako," Nestori akasema, akimnyooshea jembe alilombebea.

"Mpanda kuna majembe. Hilo ni la hapa, la kumpalilia Mwavita kila Shaabani."

"Lakini mimi Mkristo, mama, Shaabani yenu sijui huanza lini."

"Ukisikia Ujiji wanaulizana habari za mwezi, ujue umechelewa. Palilia kabla."

Akacheka, jembe begani. "Safari njema, Mama Mwavita."

Shangazi akatoka mikono mitupu, bila kugeuka, na mlango wa mabati ukafungwa nyuma yake.